Ukifungiwa chakula Kampala, bakshishi ni ya nani?

Simama kando ya sigiri ya muuza rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, pale Wandegeya saa mbili usiku, uagize ya mayai mawili. Kijana atavunja mayai kwenye kikombe cha plastiki, akatie humo kitunguu, nyanya na kabeji, apige, amimine kwenye kikaango, na kabla chapati haijabandikwa juu utamsikia mteja wa mbele yako akidai, "Ssebo, ongeza nyanya." Naye ataongeza. Kwenye mstari ule hakuna hata mmoja anayewaza kumwachia kijana kitu juu ya bei. Sokoni Nakasero ni hivyohivyo: umenunua fungu la viazi, unadai nyongeza, na muuzaji mwenye mkono mgumu hamwoni tena mteja wake. Biashara yetu ya chakula imekulia kwenye desturi hiyo. Bei ikishakubaliwa, anayetakiwa kuonyesha ukarimu ni muuzaji.

Kisha mtu huyohuyo aliyedai nyanya za bure anaingia kwenye mgahawa wa vioo Kololo, ananunua sandwichi ya kubeba, anakuta kopo la bakshishi kando ya mashine ya kadi, na jasho linaanza kumtoka. Aache ngapi? Akiweka sarafu ya 500 itakuwa matusi? Asipoweka kitu, wiki ijayo watamkumbuka? Nimeona watu wazima wenye mishahara mizuri wakijifanya wanasoma ujumbe kwenye simu mpaka keshia ageukie upande mwingine.

Jibu langu ni fupi. Chakula ukikifuata mwenyewe kaunta, hudaiwi kitu. Ukiletewa, mpe aliyekuletea, kwa kipimo cha taabu yake na si kwa asilimia ya bili, na uhakikishe pesa imefika mkononi mwake. Yanayofuata ni sababu, na kuna mahali sababu zenyewe zinagongana.

Asilimia ishirini ilitoka wapi

Ilitoka Marekani, na huko ina mizizi ya kisheria. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, wakati kima cha chini cha wafanyakazi wengine ni dola 7.25 tangu 2009. Pengo linalobaki huzibwa na pesa za wateja, na zisipotosha mwajiri anatakiwa kuongezea. Kwa hiyo Mmarekani anayeacha asilimia 15 au 20 mezani analipa sehemu ya mshahara ambayo sheria imeitoa kwenye bei ya chakula ikamtwika yeye. Yako majimbo yaliyokataa mpango huo, kama California na Washington, ambako mhudumu lazima alipwe kima kamili, lakini mkono wa mteja umeshazoea na asilimia ni zilezile.

Hata huko, chakula cha kubeba kina hesabu yake. Kituo cha utafiti cha Pew Research Center kiliwauliza Wamarekani mwaka 2023 ni wapi wanatoa bakshishi kila mara au mara nyingi. Asilimia 92 ya wanaokula migahawani walisema wanatoa wakihudumiwa mezani. Kwa chakula cha kuletewa nyumbani walikuwa 76. Kwa migahawa ya haraka isiyo na wahudumu wa meza, ile ya kuagiza na kubeba sahani mwenyewe, walikuwa 12 tu. Katika uchunguzi huohuo asilimia 72 walilalamika kwamba siku hizi bakshishi inatazamiwa sehemu nyingi kuliko miaka mitano nyuma. Lawama nyingi huangukia vile vioo vya malipo ambavyo keshia anakugeuzia vikiwa vimeshaandika 18, 20, 25, na watu watano nyuma yako wanatazama kidole chako kitagusa wapi.

Kwa hiyo anayerudi Kampala kutoka ng'ambo na kutufundisha kwamba asilimia 20 kwenye boksi la chipsi ndio ustaarabu, ametuletea desturi ambayo wenyewe hawaifuati kwenye chipsi.

Huku kwetu sheria kama ile haiwezi hata kusimama, kwa sababu hakuna kima cha maana cha kupunguza. Kima cha chini cha mshahara kilichomo kwenye vitabu vya Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa mwaka 1984. Pesa hiyo leo hailipii hata nusu ya kuku. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima cha chini, Rais Museveni akakataa kuutia saini, na tumebaki pale pale. Mhudumu wa Kampala analipwa alichopatana na tajiri wake, basi.

Hapo ndipo hoja inapogawanyika. Wako wanaosema: kama mshahara ni mdogo hivyo na sheria haimlindi, si ndiyo sababu ya kuacha zaidi? Ni hoja ya kibinadamu na siipuuzi. Lakini tazama pesa inaangukia wapi. Aliyekaanga kuku wako yuko nyuma, humwoni. Anayeosha masufuria yupo nyuma yake zaidi. Aliyemenya viazi ameshaondoka tangu saa tisa. Bakshishi ya kaunta inamwangukia aliyesimama karibu na mashine ya kadi, ambaye mara nyingi kazi yake kwenye oda yako ilikuwa kuuliza "Tomato sosi?" na kukukabidhi mfuko. Ukitaka kumpa, mpe, ni pesa yako. Ila usitoke ukidhani umelipa deni, wala usipotoa usitoke umeinamisha kichwa.

Kaunta: soma risiti kwanza

Kabla ya kufikiria kuongeza, angalia umeshalipa nini. Risiti ya mgahawa mkubwa ina mistari kadhaa, na watu huichanganya. VAT ya asilimia 18 ni ya serikali, inakwenda URA, mamlaka ya mapato. Baadhi ya migahawa huongeza pesa ya boksi, shilingi elfu moja au zaidi, kwa ajili ya kufungasha. Hiyo ni ya mgahawa. Hoteli nyingine huweka ada ya huduma, na kama imo kwenye bili yako ya chakula cha kubeba una haki ya kuuliza ni huduma gani hiyo, kwa kuwa hukukaa, hukufutiwa meza, na hukuletewa maji ya kunawa. Uliza kwa upole. Mara nyingine wanaiondoa.

Swali la pili ni njia ya pesa. Wengi tunalipa kwa simu, kwa namba ya MoMoPay iliyobandikwa ukutani. Bili ni 28,000, unaandika 30,000 na kusema, "Hiyo 2,000 ni yako, dada." Umefanya wema, lakini pesa imeingia kwenye akaunti ya biashara. Dada hawezi kuitoa. Labda meneja atamrudishia jioni, labda atasema hesabu zimezidi na kuifunga humo humo. Uingereza walilazimika kutunga sheria kwa ajili ya jambo hili hili: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mwajiri huko anatakiwa kuwafikishia wafanyakazi bakshishi zote bila kukata kitu. Kwetu ulinzi wa namna hiyo ni noti unayomkabidhi mtu mkononi.

Kopo nalo lina siri zake. Kuna mahali linafunguliwa Jumamosi na kugawanywa mpaka kwa waosha vyombo, na kuna mahali keshia wa zamu ya usiku ndiye mrithi pekee. Ukiwa mteja wa kila siku, muulize mhudumu mnagawanaje. Jinsi atakavyojibu, na kama ataangalia kwanza meneja alipo, utaelewa.

Sasa, wakati gani uache kitu kaunta? Mimi naona pale ambapo mtu amefanya kazi isiyokuwemo kwenye bei. Umeagiza sahani 25 za pilau za kikao cha harusi, wamezipanga, wamezitenganisha zisizo na nyama, na vijana wawili wamezibeba mpaka kwenye gari. Au umefika wamezima majiko, mpishi akawasha tena kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Elfu tano au kumi kwa waliobeba hapo ina maana. Kuku mmoja na chipsi kwenye kaveera ya plastiki, hapana.

Anayekuja na pikipiki

Wanaoleta chakula si wa aina moja, na kuwachanganya ndiko kunakofanya watu watoe vibaya.

Yupo boda wa stegi yako, kituo cha bodaboda cha mtaani. Unampigia, unamwambia apitie Kabalagala achukue muchomo na gonja, yaani nyama choma na ndizi za kuchoma, alipe, alete. Ada hiyo hakuna aliyewapangia, mmepatana. Akisema 6,000 mkaishia 5,000, taabu yake imeshaingia kwenye bei. Lakini tazama na upande wa pili: chakula amekilipia kwa pesa ya mfukoni mwake. Amekukopesha 25,000 bila riba wala maandishi, kwa kuwa anajua geti lako. Hapo mimi huongeza elfu moja au mbili, kwa sababu siku nikiwa sina hata salio la kupiga nataka apokee simu.

Yupo aliyeajiriwa na mgahawa wenyewe, mwenye sare, pikipiki ya kampuni na mafuta ya kampuni. Ana mshahara. Mvua ikinyesha hapotezi mafuta yake, ila analowa kama wengine.

Halafu yupo wa programu ya simu, na huyu ndiye asiyeeleweka. Kwa mkataba si mfanyakazi wa mtu, ni mshirika anayejitegemea. Analipwa kwa safari. Petroli ni yake, bando la intaneti ni lake, tairi likipasuka ni lake. Wengi wanaendesha pikipiki isiyo yao au waliyoichukua kwa mkopo, na kila wiki kuna pesa ya mwenye pikipiki au ya mkopo, isiyojali kama kulikuwa na oda au hapakuwa. Mwaka 2022 petroli ilipovuka 6,000 kwa lita, ada nyingi za kuleta chakula hazikukimbia nayo. Juu ya hayo ongeza dakika anazokaa nje ya mgahawa akisubiri kuku aive, maana muda huo hauingii mfukoni kama safari, na akifika Najjera ramani inamwonyesha shamba la migomba mahali unapodai kuna nyumba. Anapiga simu. "Umeona msikiti? Upite, utaona duka la rangi ya bluu, usikunje hapo, kunja linalofuata." Salio hilo pia ni lake.

Mteja naye ana manung'uniko ya haki. Kwenye programu bei ya chakula mara nyingi iko juu kuliko ya kaunta, kwa sababu kampuni hukata kamisheni kwa mgahawa, ambayo katika masoko mengi duniani hufika hadi asilimia 30, na mgahawa huirudisha kwenye bei. Juu yake kuna ada ya kuleta, na mara nyingine ada ya huduma. Mtu aliyelipa 52,000 kwa chakula ambacho kaunta ni 38,000 anahisi amekamuliwa vya kutosha. Kweli amelipa. Ila aliyesimama getini siye aliyepokea sehemu kubwa ya tofauti hiyo, na kumnyima yeye hakuiadhibu kampuni.

Kwenye programu nyingine kuna kitufe cha bakshishi. Kitumie kwa tahadhari, na sababu ni kesi mbili za Marekani zilizofika kwenye vyombo vya sheria. DoorDash, kampuni ya kuleta chakula, ilibainika mwaka 2019 kwamba ilikuwa ikitumia bakshishi za wateja kujazia malipo ya msingi ambayo ingewalipa wasafirishaji hata hivyo: mteja akitoa dola tatu, kampuni inapunguza ya kwake. Ilibadili utaratibu huo, na Februari 2025 ilikubali kulipa dola milioni 16.75 kumaliza madai ya mwanasheria mkuu wa jimbo la New York. Amazon nayo mwaka 2021 ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 61 kwa bakshishi ambazo madereva wa huduma yake ya Flex ya kupeleka mizigo hawakuzipata. Siwatuhumu walioko Kampala kwa makosa ya New York. Nasema tu kwamba kitufe ni ahadi ya kampuni, na noti ya 2,000 haihitaji ahadi ya mtu.

Na kwa Waganda wengi kitufe hakipo kabisa. Jumia Food ilipofunga shughuli zake nchini mwishoni mwa 2023, pamoja na Kenya, Nigeria na masoko mengine, migahawa mingi midogo ilirudi kwenye namba ya WhatsApp na boda wanayemwamini. Katika miji mingi midogo hali ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya nchi bakshishi ya chakula ni jambo la mkono kwa mkono getini.

Kiasi gani basi?

Achana na asilimia. Kipimo hicho kinafuata bei ya chakula, na aliyekuletea hakupika. Chukua oda mbili. Ya kwanza ni piza mbili za 90,000 kutoka mtaa wa pili, dakika nane, lami tupu. Ya pili ni kikomando, chapati ya kukatakata na maharage, na chai, ya 7,000 kutoka upande mwingine wa mji, mvua, tope la Kisaasi, ghorofa ya tatu bila lifti. Ukifuata asilimia 10, wa piza anapata 9,000 na wa mvua anapata 700. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekuambia hiyo ni haki.

Nitataja viwango vyangu, ukiona vimezidi au vimepungua rekebisha. Safari ya kawaida, mchana, karibu, 1,000 inatosha, na 2,000 ni nzuri. Ikiwa usiku, mvua, mbali, ngazi nyingi, au amezunguka kwa sababu ulielekeza vibaya, 3,000 mpaka 5,000. Mzigo wa sherehe au ofisi nzima ni hesabu nyingine, nitaifikia. Na kama huna, huna. Mwanafunzi wa Makerere aliyekusanya sarafu kununua chakula chake cha siku hana sababu ya kumwonea haya boda ambaye pengine leo ameingiza zaidi yake. "Asante sana, kaka, pole na mvua" husemwa bure na husikika.

Si lazima iwe pesa. Mwezi wa Ramadhani, oda za futari zinapomiminika Old Kampala na Kisenyi, kijana anayekuletea sambusa saa moja kasorobo jioni huenda naye amefunga, na adhana itamkuta njiani. Chupa ya maji na tende tatu hapo zinapita noti.

Tatizo letu halisi ni balansi

Ukiwauliza wakazi wa Kampala kinachowakera kwenye chakula cha kuletewa, wachache watataja bakshishi. Watataja balansi, yaani chenji.

Oda ni 32,000 pamoja na ada. Una noti moja ya 50,000, ndiyo iliyotoka kwenye mashine ya benki. Ni saa mbili na nusu usiku, Kyaliwajjala, umeme umekatika, simu inaita: "Boss, niko kwa geti." Unashuka. Kijana amevaa koti la mvua, mfuko wa chakula unatoa mvuke, taa ya pikipiki ndiyo inayowamulika. Unampa noti. Anaigeuza kwenye mwanga, anapapasa mfuko wa shati, anatoa noti mbili za 5,000 na sarafu tatu za 500, anazihesabu taratibu mbele yako. "Balansi haitoshi, boss. Iko 11,500." Anayotakiwa kukurudishia ni 18,000. Sasa mko watatu pale getini: wewe, yeye, na 6,500.

Duka la jirani limefungwa. Chakula kinapoa. Ulishuka ukiwa umeshaamua kumpa 2,000 kwa moyo mweupe, na sasa unatoa zaidi ya mara tatu yake kwa kinyongo. Unasema "Basi, kaa nayo," unapanda ngazi ukihesabu, na ukifika juu umeshaapa kwamba boda mwingine hatapata kitu kwako. Atakayelipia usiku huu ni yule wa kesho.

Je, alikuwa na balansi mfuko wa pili? Kila mtu Kampala ana kisa cha namna hiyo, na baadhi ni vya kweli. Lakini mara nyingi kweli hana. Ameanza zamu na 10,000, wateja wawili wa kwanza wamempa noti kubwa, na pesa nyingine anazoonekana nazo si zake: kwenye oda za kulipa taslimu kupitia programu, pesa ya chakula ni ya kampuni, anaibeba tu na ataitolea hesabu mpaka shilingi ya mwisho.

Dawa yake iko upande wa mteja zaidi ya upande wa boda. Anapopiga simu akiwa bado mgahawani, na karibu wote hupiga, mwambie: "Nina noti ya 50, njoo na balansi." Atavunja kwa keshia au kwenye kituo cha mafuta njiani. Kama unaagiza kwa WhatsApp, andika hivyo kwenye oda. Na pesa ya kumwachia itaje kwa namba, usimwachie akisie. "Nirudishie 15,000, hiyo 3,000 ni yako" ni sentensi isiyo na ugomvi. "Nipe tu unayoweza" ndiyo inayozaa kesi, kwa kuwa yeye amesikia zawadi na wewe ulimaanisha mkopo.

Wengine wanakimbilia simu: nitakutumia bakshishi kwa mobile money. Kwa kiasi kidogo ni njia mbovu. Kutuma kuna ada, kutoa kwa wakala kuna ada, na tangu 2018 kuna kodi ya asilimia 0.5 juu ya kutoa. Ada hizo kwa 1,000 zinauma kuliko kwa 100,000, kwa hiyo elfu yako inamfikia imekonda. Kama lazima utume, tuma 3,000 au zaidi, au mtumie salio la simu moja kwa moja, ambalo kwa kazi yake analitumia siku hiyo hiyo.

Kikifika kimepoa

Chipsi zikifika zimelegea kama nguo iliyoloweshwa, wengi humwadhibu aliyezileta. Fikiria kidogo. Chipsi za moto zikifungiwa kwenye boksi lisilo na tundu hulegea kwa mvuke wake zenyewe, hata zisafirishwe na helikopta. Chakula kilichochelewa dakika 50 huenda kimekaa jikoni 35. Sosi iliyosahauliwa ilisahauliwa na aliyefunga mfuko, na mfuko umekuja umepigwa stapo. Mgahawa upigie simu, ulalamike, udai chako. Boda mkate bakshishi kwa makosa yake: kamwaga supu, kakuita nje barabarani akakataa kuingia bila sababu, kaongea vibaya na mama mkwe.

Na kuna anayeomba kabla. Chakula bado kiko kwenye boksi la nyuma, naye anaanza, "Boss, utaniongeza ya mafuta, huku ni mbali." Kama anwani uliyoandika ni Ntinda na umemvuta mpaka Kira, ana haki, mlipe umbali. Kama anwani ni ileile, anachoomba ni bei mpya kwa bidhaa aliyoishika mkononi, na hiyo hailipwi hata shilingi mia. Pokea chakula kwanza, salamu baadaye.

Askari wa geti? Anayepokea chakula chako kila wiki ukiwa umechelewa kwenye foleni ya Jinja Road, na hakijawahi kupungua kipande, mkumbuke mwisho wa mwezi au mkatie paja la kuku. Kila mfuko unaopita getini si lazima utozwe kodi.

Oda ya ofisini ndiyo yenye vurugu kubwa na inamalizwa na watu wachache kuelewana mapema. Watu 12 wameagiza, kila mmoja na chake, mmoja amelipa kwa wote kwa simu yake, na boda amepanda ghorofa nne na mifuko sita kwa sababu lifti imegoma. Akifika, kila mtu anatazama boksi lake na hakuna anayemtazama yeye, kwa kuwa kila mmoja anaamini aliyeagiza ameshamalizana naye. Aliyeagiza anaamini ofisi nzima itachanga. Ukiwa wewe ndiye unayekusanya pesa, kusanya 500 zaidi kwa kila kichwa tangu asubuhi. Inapatikana 6,000, na kwa ngazi zile hakuna aliyepunjwa. Usijaribu kuiingiza kwenye hesabu za kampuni. Mhasibu atataka risiti, na boda akiombwa risiti ya bakshishi atadhani mmeanza kumtafutia makosa.